Uso Si Ufunguo

Miongoni mwa maneno yaliyoenea kwa wepesi katika biashara ya zama hizi ni hili: kwamba uso wa mtu ni ufunguo wa simu yake. Muuzaji hulitamka dukani, mnunuzi hulirudia nyumbani, na mtoto hulipokea kwa mzazi kama neno lililokwisha hakikiwa. Ni neno tamu, maana hupendeza kusikia kwamba kitu alichozaliwa nacho mtu, asichoweza kukisahau chumbani wala kukiangusha njiani, chatosha kumlindia siri na mali. Walakini utamu wa neno si dalili ya ukweli wake. Uso si ufunguo. Haukuwa ufunguo siku simu za namna hii zilipoanza kuuzwa, si ufunguo leo, na mtu autegemeaye kwa kazi hiyo hujiwekea msiba wa siku asiyoijua.

Siku hiyo haipigi hodi. Mtu huinua simu mbele ya uso wake kama alivyoiinua jana na juzi, na simu haifunguki. Huinua tena, hufuta kioo kwa upindo wa nguo, huvua miwani, husogea penye mwanga, simu haifunguki. Baada ya majaribio machache chombo huacha kabisa kumtazama, kikamwuliza swali moja tu: namba ya siri ni ipi? Hapo watu hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza hubonyeza tarakimu nne au sita, wakaingia, wakaendelea na shughuli zao. Wa pili huduwaa, kwa sababu namba hiyo iliwekwa miaka miwili nyuma, mara nyingine kwa mkono wa kijana wa dukani, na tangu siku ile haikutajwa tena. Hawa wa pili hawakuzaliwa na usahaulifu kuwapita wenzao. Waliambiwa kwamba hawataihitaji, wakaamini.

Hapana budi dai hilo lipimwe kwa namna chombo chenyewe kifanyavyo kazi. Kampuni ya Apple ilipotangaza simu ya iPhone X mwezi wa Septemba, 2017, ilitoa kidole katika kazi ya kufungua na kuweka uso mahali pake. Simu hiyo humwaga juu ya uso nukta zaidi ya 30,000 za nuru ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Husoma kwa nukta hizo miinuko na mabonde ya uso, hugeuza usomaji huo kuwa hesabu, kisha huilinganisha hesabu ya leo na hesabu iliyowekwa siku ya kwanza. Zikikaribiana vya kutosha, mlango hufunguka; zisipokaribiana, hubaki umefungwa. Neno la kushikwa hapa ni kukaribiana. Ufunguo wa chuma na kitasa chake huingiana au haviingiani. Uso na kumbukumbu yake hukadiriwa, na mkadiriaji hukosea kwa pande mbili: huweza kumfukuza mwenye nyumba, na huweza kumkaribisha mgeni.

Kampuni yenyewe haikuficha jambo hili. Ilisema kwamba nafasi ya mtu baki kuifungua simu ya mwingine kwa uso wake ni moja katika 1,000,000, ikaongeza kwamba hesabu hiyo haiwahusu pacha, wala ndugu wanaofanana, wala watoto walio chini ya miaka 13. Aliyeyasoma maelezo hayo alionywa. Lakini ni wangapi wasomao maelezo, hasa yasipoandikwa katika lugha yao? Kilichofika masokoni ni ile tarakimu kubwa ya milioni. Masharti yake yalibaki nyuma.

Na hiyo ndiyo simu ya bei kubwa. Simu nyingi za bei nafuu hazina nuru ya infraredi wala nukta. Zina kamera ya kawaida tu, ileile ipigayo picha za arusi. Kufungua simu kwa uso kuliingizwa katika mfumo wa Android mwaka 2011, na haukupita muda ikaonekana kwamba picha ya mwenye simu yaweza kumdanganya mlinzi huyo. Mwaka uliofuata ikabidi mtu atakiwe kupepesa macho ili athibitike kuwa yu hai. Miaka ikapita, na dosari haikwisha. Mwaka 2019 chama cha watetezi wa wanunuzi cha Uholanzi, Consumentenbond, kilitangaza majaribio ya simu 110, na katika hizo 42 zilifunguka kwa kuonyeshwa picha. Kufuli lifungukalo kwa picha ya mwenye nyumba, katika dunia ambayo picha za watu zimetapakaa kila mahali, ni pambo la mlango.

Sasa na itazamwe ni nani mkubwa kati ya uso na namba. Ushahidi u wazi, nao hutolewa na simu zenyewe. Kwanza, iPhone na simu za Android hazimruhusu mtu kuandikisha uso wake kabla hajaweka namba, au mchoro, au neno la siri. Namba hutangulia, uso hufuata. Pili, iPhone huukataa uso kila inapozimwa ikawashwa upya. Huukataa baada ya kushindwa kuutambua mara 5. Huukataa zikipita saa 48 bila simu kufunguliwa. Android nayo hudai namba au mchoro japo mara moja katika kila saa 72, na kwa uso uliosomwa na kamera dhaifu hudai upesi zaidi. Tatu, hili lastahili kuzingatiwa kuliko yote: iPhone ikikataa uso uliokaribia kufanana na kumbukumbu, na mwenyewe akaandika namba papo hapo, chombo huusoma uso huo upya na kuuongeza katika kumbukumbu yake. Yaani uso wa leo huaminiwa kwa sababu namba imeushuhudia. Namba ndiyo imfunzayo mlinzi sura ya bwana wake.

Mfano wa mambo hayo ni nyumba yenye bawabu. Bawabu huwafahamu wenyeji kwa sura na huwafungulia bila ya kuwasumbua. Ni msaada mzuri, na mwenye nyumba humshukuru. Lakini bawabu huugua, husinzia, huzeeka macho, na siku nyingine huingia zamu bawabu mgeni. Mwenye nyumba mwenye akili hautupi ufunguo wake kisimani kwa sababu amepata bawabu. Wanaofundisha kwamba uso ni ufunguo wanawafundisha watu kuutupa ufunguo kisimani, kisha bawabu anapoumwa huwaacha nje ya nyumba zao wenyewe.

Sababu ya ukubwa wa namba si ya adabu tu. Ni ya ujenzi. Katika simu hizi maandishi, picha na hesabu huhifadhiwa kwa fumbo, na fumbo hilo hufumbuliwa kwa namba ya siri ikichanganywa na siri nyingine iliyozikwa ndani ya chombo chenyewe. Simu iliyozimwa ikawashwa haiwezi kuyafikia mengi ya mambo yake hata ingetaka, mpaka iandikwe namba. Uso hauna nguvu hiyo. Uso huja baadaye, namba ikiisha fungua, nao hufanya kazi ya kurudisha mlango uliokwisha funguliwa mara ya kwanza.

Nguvu ya namba ilionekana na ulimwengu wote mwaka 2016. Baada ya shambulio la San Bernardino la Desemba, 2015, wapelelezi wa dola ya Marekani, FBI, walishika simu ya iPhone 5C iliyotumiwa na mmoja wa washambuliaji. Simu hiyo haikuwa na utambuzi wa uso wala wa kidole. Ilikuwa na namba tu. Mahakama iliiamuru kampuni isaidie, kampuni ikakataa, shauri likazua mabishano nchi nzima, mpaka tarehe 28 Machi, 2016 serikali ilipoliondoa ikieleza kwamba imeyapata yaliyomo kwa msaada wa mtu wa nje. Dola yenye fedha na wataalamu wa kila namna ilisimama wiki nyingi mbele ya tarakimu chache. Basi na apime mwenye kupima ahadi ya fundi wa kibandani asemaye kwamba atafungua simu ya kisasa kwa nusu saa, bila namba, na bila kupotea hata picha moja. Aghalabu fundi huyo atafanya moja katika mawili: ataifuta simu yote, au atachukua fedha.

Hapa hutokea watu wa hoja nyingine. Hao husema kwamba simu haikosei. Uso ndio wenye kasoro, na mtu aliyekataliwa na autengeneze uso wake. Ni hoja ya kiburi, nayo yapasa kujibiwa kwa kirefu, kwa sababu inawagusa Waafrika pahali penye maumivu.

Mwaka 2018 wanazuoni wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, huyu wa pili mzaliwa wa Ethiopia, walitangaza uchunguzi wa programu za kampuni tatu zilizodai kuweza kutambua kwa picha kama mtu ni mwanamume au mwanamke. Walitumia nyuso za wabunge 1,270 wa nchi sita, na Rwanda ilikuwa mojawapo. Kwa wanaume weupe, programu mbovu kuliko zote katika kundi hilo ilikosea kwa asilimia 0.8, kwa wanawake weusi, makosa yalifika asilimia 34.7. Uchunguzi huo haukuwa wa kufungua simu, na si haki kuutumia kama kwamba ulikuwa. Lakini ulithibitisha jambo moja lisilokanushika: mashine huona vyema nyuso ilizofundishwa kuziona, na huona vibaya nyuso zilizoachwa nje ya darasa lake. Kampuni zilipoelezwa makosa yao zilitengeneza programu zao, na makosa yalipungua. Nyuso za wanawake wale hazikubadilika. Kilichobadilika ni mashine. Hapana dalili kubwa kuliko hiyo ya kuonyesha kasoro ilikuwa wapi.

Mwezi wa Desemba, 2019 taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ilitoa taarifa ya programu 189 za utambuzi wa uso. Ilionekana kwamba kosa la kumdhania mtu kuwa ni mtu mwingine lilikuwa kubwa kuliko pengine pote kwa nyuso za watu wa Afrika ya Magharibi, Afrika ya Mashariki na Asia ya Mashariki, na dogo kuliko pengine pote kwa nyuso za watu wa Ulaya ya Mashariki. Na tofauti hizo mara nyingi zilikuwa za mara 10 hata mara 100. Hizo nazo zilikuwa programu zilizopelekwa kupimwa, wala si simu fulani ya dukani. Hata hivyo mtu wa Mombasa, wa Kigoma au wa Bujumbura anaposikia kwamba nafasi ya mgeni kufunguliwa ni moja katika milioni, ana haki ya kuuliza: milioni ya nani? Na lisisahauliwe kwamba kosa hilo si lile la kumfukuza mwenye mali. Ni lile la pili, la kumwingiza asiye mwenyewe, nalo halina kelele. Aliyefukuzwa hulalamika, aliyeibiwa kimya hajui.

Waswahili husema uso umeumbwa na haya. Haya hiyo yaonekana mtu akataliwapo na simu yake mwenyewe mbele ya watu, kwenye foleni ya duka, fedha zake zimo ndani na mwuzaji amenyosha mkono. Hucheka kicheko kisicho na furaha, huomba radhi, hujiona kama kwamba amekamatwa na kitu cha wizi. Kwa nini aone haya? Simu hushindwa kwa sababu nyingi, na katika hizo hapana iliyo aibu yake. Jua kali lililo nyuma ya kichwa huipumbaza kamera. Giza huifunga macho kamera ya kawaida. Miwani nyingine ya jua huizuia nuru ya infraredi. Tone la mafuta juu ya kamera hutosha. Simu ikishikwa karibu mno au mbali mno haioni vizuri. Simu iliyoanguka ikatengenezwa huweza kupoteza utambuzi wa uso moja kwa moja, kama vyombo vyake vya kuonea vimeumia. Na uso wenyewe una haki ya kubadilika. Hunona na kukonda, huota ndevu, huvimba kwa jino, hupinda kwa kiharusi, hupata kovu la moto. Uso ni kiungo cha mtu aliye hai, na kilicho hai hubadilika.

Dunia nzima ilionja jambo hili mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowafanya watu wavae barakoa. Kwa usiku mmoja mabawabu wote wakawa vipofu. Watengenezaji wakaanza kutafuta dawa: mwezi wa Mei mwaka huohuo iPhone ikafanywa iombe namba kwa haraka zaidi ionapo barakoa, na ilipofika Machi, 2022 ndipo simu za iPhone 12 na za baada yake zikaweza kusoma sehemu ya macho peke yake. Yafaa kukumbuka kwamba wanawake wengi wa Lamu, wa Unguja na wa Muscat walikuwa wakivaa nikabu kabla ya ugonjwa huo kufikiriwa, na haja yao haikuhesabiwa kuwa haja mpaka barakoa ilipofika katika miji ya watengenezaji. Katika miaka hiyo yote namba ya siri haikumwuliza mtu amevaa nini.

Ni insafu sasa kuzisikiliza hoja za upande wa pili, maana hazikosi uzito. Husemwa kwanza kwamba namba huibwa: mwizi husimama nyuma ya mtu, huzitazama tarakimu akizibonyeza, kisha humnyang'anya simu. Ni kweli, na wizi huo ulienea hata Apple ikaleta, mwezi wa Januari, 2024, kinga maalumu ambayo, simu ikiwa mbali na mahali ilipozoea, hudai uso au kidole kwa mambo mazito, na namba peke yake haikubaliwi. Hapo uso umepewa cheo cha haki. Lakini itazamwe cheo hicho ni kipi: uso umewekwa kuwa shahidi wa pili kando ya namba, kama nyumba yenye ufunguo na bawabu pamoja. Haukuwekwa mahali pa namba, na simu hiyo bado hufunguliwa kwa namba. Hoja hii inawashinda wale wasemao namba yatosha peke yake. Haiwasaidii wale wasemao uso watosha peke yake.

Husemwa pili kwamba wazee husahau, na vipofu na wenye mikono mibovu hupata taabu ya kubonyeza. Nayo ni kweli, na kwa watu hao bawabu ni neema kubwa. Atakayewanyima neema hiyo ni mkatili. Lakini mtu dhaifu akiachwa na mlinzi mmoja tu, naye ni mlinzi awezaye kukataa kazi kila simu inapozimika chaji, je, amesaidiwa au ametegewa? Msaada wa kweli kwa mzee ni kumpa uso wa kufungulia kila siku, na namba iliyoandikwa kwa wino katika karatasi, ikawekwa palipo na hati ya shamba.

Husemwa tatu kwamba uso ni salama kwa kuwa haukopesheki. Hoja hii ni dhaifu kuliko zote. Uso hauko sirini. Hutembea nao mtu hadharani mchana kutwa. Simu ya Pixel 4 iliyotolewa na Google mwaka 2019 ilionekana kuwa hufunguka hata mwenyewe akiwa amefumba macho, na marekebisho yake yakaja mwaka uliofuata; kwa muda wote huo mtu aliyelala aliweza kufunguliwa simu yake bila kuamka. Katika Marekani mahakama za rufaa hazijaafikiana juu ya kulazimishwa mtu afungue simu kwa mwili wake: mwaka 2024 moja iliona kwamba kutumia kidole gumba cha mshukiwa kwa nguvu hakukuwa kumlazimisha kujishuhudia mwenyewe, na mwaka 2025 nyingine ikaona kinyume. Wakati mahakimu wanabishana juu ya kidole, na hoja za uso ni za ukoo huohuo, jambo moja halina ubishi: mwili wa mtu huweza kushikwa na kuelekezwa. Tarakimu zilizo moyoni haziwezi kushikwa. Moyo wa mtu ni msitu wa giza, na kwa kazi ya kuficha, giza hilo ni mali.

Lakini uzito wa shauri hili hauko katika mahakama. Uko katika nyumba za watu. Na achukuliwe mzee mmoja wa mfano, mvuvi aliyestaafu, aliyenunuliwa simu na wanawe walio ughaibuni. Kijana wa dukani aliiwasha, akaweka namba aliyoipenda mwenyewe, akaandikisha uso wa mzee, akasema: "Sasa babu, wewe tazama tu." Miaka mitatu mzee alitazama tu. Ndani ya simu zikaingia picha za marehemu mkewe, sauti za wajukuu, majina ya wadeni wake, na karatasi za mgonjwa zilizopigwa picha. Kisha mzee akapata kiharusi, upande mmoja wa uso ukaanguka, na simu ikazimika chaji kitandani hospitalini. Ilipowashwa ikauliza namba. Kijana wa dukani amekwisha hamia mji mwingine. Mzee hawezi kusema, na hata angeweza hana la kusema, kwa kuwa hakuambiwa.

Watoto wa mzee huyo watafanya nini? Wakibahatisha, iPhone itawafungia dakika, kisha dakika nyingi zaidi, kisha masaa. Na kama mwenyewe au aliyeiweka alichagua hivyo, kosa la 10 litafuta kila kitu. Wakiifuta ili waanze upya, simu itarudi tupu, nayo itataka akaunti ya mwenyewe na neno lake la siri. Simu za Android zina kinga kama hiyo tangu mwaka 2015. Kilichohifadhiwa nje ya simu kitarudi, kisichohifadhiwa kimekwenda. Wataweza kupiga simu ya dharura kutoka kwenye kioo kilichofungwa, na laini huenda ikahamishwa katika simu nyingine. Lakini picha za mama yao zimo katika sanduku ambalo hapana aliye na ufunguo wake, na ufunguo ulikuwa tarakimu sita.

Huyu si mjinga wala mzembe. Ni mtu aliyetendewa vibaya na sentensi moja. Na kinachofanya dhuluma hiyo iwe ya kushangaza ni kwamba ilitendeka katika nchi ambazo watu wake wanaijua namba ya siri kuliko watu wengi wa dunia. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mkulima na mchuuzi, aliyesoma na asiyesoma, wamejifunza kuzishika tarakimu nne kichwani, kuzificha kwa kiganja, na kutomtajia hata wakala. Elimu hiyo ilifundishwa kwa Kiswahili safi na kwa maneno machache, ikashikwa. Watu walioweza kuilinda namba ya fedha hawawezi kushindwa kuilinda namba ya simu. Hawakuambiwa tu kwamba hiyo nayo ni namba ya mali.

Kwa hiyo wajibu umegawanyika. Muuzaji hana haki ya kumtoa mnunuzi dukani kabla mnunuzi hajachagua namba kwa kidole chake mwenyewe, akaiandika mara tatu, akaambiwa kwa maneno yasiyo na ukungu: uso huu utakusaidia siku nyingi, na siku moja utakataliwa, siku hiyo ni namba hii. Mtengenezaji hana haki ya kutangaza tarakimu ya milioni kwa herufi kubwa na masharti yake kwa herufi ndogo, wala ya kuuza katika Afrika chombo asichokipima kwa nyuso za Waafrika. Mwenye simu naye ana yake. Na aiandike namba mara kwa mara hata uso ukikubaliwa, maana kisichotumiwa husahauliwa. Asiifanye mwaka wa kuzaliwa. Asiifananishe na namba ya fedha. Amwachie mmoja anayemwamini, au aifungie katika bahasha. Na yaliyo ya thamani ayahifadhi pia mahali pengine. Uso ukikataliwa mara mbili au tatu, asigombane na kioo wala asione haya. Na aandike namba, apite.

Wasomi nao hawakuachwa nje. Kazi yao ni ya maneno. Neno bovu halitaondoka masokoni mpaka litokee neno jema la kukaa mahali pake, na Kiswahili kinalo: uso ni bawabu, namba ni ufunguo. Mwanafunzi anayeweza kumweleza bibi yake tofauti ya hayo mawili kwa lugha ya nyumbani, jioni moja, kabla simu haijazimika, amefanya kazi ambayo matangazo ya biashara hayataifanya. Tahadhari ni kabla ya hatari. Mlango ukiisha fungwa na ufunguo haupo, hata uso wa mwenye nyumba, aliouzaliwa nao na kuuzeekea, ni uso wa mgeni.